Watu Tisini na Saba Uani kwa Mbaruku

Mtu mmoja alikuwa na jicho la mwenzake shingoni mwake. Nasema shingoni kwa maana ya dhima, msinitazame hivyo. Mtu huyo jina lake Mbaruku, wa mtaa wa Juu, na jicho lilikuwa la Kombo, wa mtaa wa Chini, mji ule ule mmoja. Miaka kumi na moja nyuma walikutana kwenye karamu ya harusi. Mpakuzi wa siku hiyo, Mungu amsamehe, alikalisha watu ovyo: sinia moja likazungukwa na watu wanne, la pili yake likazungukwa na wanane, na wanane wenyewe wote watu wa Chini. Mmoja akasema neno, mwingine akamjibu kwa mawili. Mbaruku, ambaye siku hizo mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko akili yake, akarusha upawa wa mchuzi, na upawa ukampata Kombo usoni. Jicho la kushoto halikuona tena. Toka hapo Juu na Chini hawakuozana wala hawakuzikana, na wakikutana sokoni walipishana kimya.

Mnacheka. Mnacheka kwa sababu ugomvi ulianzia kwenye sinia la wali. Haya, nyinyi ukoo mzima mmeniita leo nije niwaamue. Huo ugomvi wenu ulianzia kwenye nini cha maana zaidi? Nyamazeni basi, nisimulie.

Mbaruku alizeeka. Kifua kikaanza kumsumbua, hata kupanda vidato vitatu vya baraza yake ilibidi apumzike katikati, na kila akipumzika anaiona sura ya Kombo. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kufa: asamehewe. Alituma watu mara ya kwanza, wakarudi na matusi. Akatuma mara ya pili, wakarudi na ukimya. Mara ya tatu Kombo akajibu kwamba atakuja kula nyumbani kwa Mbaruku, yeye na watu wake, jumla arobaini na wanane naye akiwamo, na Mbaruku naye awe na watu wa Juu arobaini na wanane, majina yaandikwe, asiongezwe mtu wala asipunguzwe. Watakula pamoja kama walivyokuwa wakila zamani. Lakini akiona sinia moja limezidi mtu au limepungua mtu, atanyanyuka palepale, na yeye na Mbaruku wataonana kwa Mola wao.

Arobaini na wanane na arobaini na wanane ni tisini na sita. Mbaruku hakuwa msomi, lakini alikuwa mcheza bao, na mcheza bao hahesabu ovyo. Alichukua komwe zake za bao, sitini na nne, akaazima kwa jirani nyingine hadi zikafika tisini na sita, akazimwaga juu ya jamvi uani, akaanza kuzipanga safu. Alizipanga mbili mbili, zikakaa safu arobaini na nane. Tatu tatu, zikakaa thelathini na mbili. Nne nne, ishirini na nne. Sita sita, kumi na sita. Nane nane, kumi na mbili. Kila mara safu ya mwisho ilijaa sawasawa na ya kwanza, haikubaki komwe hata moja mkononi. Mbaruku akacheka peke yake kwa furaha. Tisini na sita ni idadi ya watu wazuri, aliwaza, wanakaa popote unapowakalisha. Akachagua masinia kumi na sita, kila moja watu sita, watatu wa Juu na watatu wa Chini. Akahesabu kwa sauti ili ajihakikishie: sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne, hivyo hivyo mpaka tisini, mpaka tisini na sita, ndi! Usiku ule alilala vizuri, na kifua hakikumsumbua.

Asubuhi ya siku moja kabla ya karamu, mjumbe wa Kombo akabisha hodi. Hakutaka kuingia, alisimama mlangoni akatoa maneno aliyotumwa. "Kombo anauliza, wewe mwenyewe utakaa sinia gani?"

Sasa nyinyi mnajua desturi. Mwenye karamu hakai. Mwenye karamu anasimama, ana birika mkono huu na beseni mkono huu, ananawisha watu, anaagiza mchuzi uongezwe, na tonge lake analila jikoni watu wakishaondoka. Hivyo ndivyo baba zetu walivyofanya, na ndiyo maana Mbaruku katika kuhesabu kwake kote hakumhesabu Mbaruku. Akamjibu mjumbe hivyo, kwamba yeye atakuwa anahudumia. Mjumbe akatikisa kichwa. "Kombo amesema, aliyerusha upawa asipotia mkono nasi, tutakuwa tumekula wali, hatukula suluhu."

Mbaruku akarudi uani akaongeza komwe moja. Moja tu, wallahi. Akazipanga sita sita: safu kumi na sita, ikabaki moja. Akazipanga nne nne: ishirini na nne, ikabaki moja. Nane nane, ikabaki moja. Tatu tatu, mbili mbili, kumi na mbili kumi na mbili, na kila alivyopanga akabaki yule yule mmoja, amekaa pembeni ya jamvi, anamtazama. Akajaribu tano tano, zikabaki mbili. Akajaribu saba saba, na hapo moyo ukamruka, maana safu zilipangika nzuri, kumi na tatu kamili, na ya kumi na nne ikafika sita. Kasoro komwe moja! Alizihesabu upya mara tatu akidhani moja imeingia chini ya jamvi. Akanyanyua jamvi. Hapakuwa na kitu ila mchwa.

Jua lilikuwa linapanda, na Bi Somoe alikuwa ameanza kuchambua mchele. Bi Somoe ndiye mpishi wa shughuli zote za mji ule, za Juu na za Chini, mtu pekee ambaye miaka kumi na moja hakuna aliyethubutu kumsusia, kwa kuwa wali wake haususiki. Alimwona Mbaruku ameinama juu ya komwe, jasho linamtoka, anazipanga tena nne nne.

"Baba Mbaruku, hizo nne si ulishazipanga?"

"Nilizipanga. Narudia, huenda nimekosea."

"Unajichosha bure. Waliokataa kukaa wawili wawili, watakubalije kukaa wanne wanne? Si ndani ya kila wanne mna wawili mara mbili? Wanne wangekaa, wawili wangekuwa wameshakaa. Na sita vivyo hivyo, na nane. Na tisa waache, maana tatu zimekwisha kataa." Bi Somoe aliweka ungo chini akakaa kitako jamvini. "Mimi nimegawa maandazi kwa miaka arobaini. Mbili zimekataa, tatu zimekataa, tano zimekataa, saba zimekataa. Umekwisha."

"Nimekwishaje? Sijajaribu kumi na moja. Sijajaribu kumi na tatu, kumi na saba."

"Zijaribu basi."

Akajaribu kumi na moja. Safu nane, na zikabaki tisa. Alipoanza kumi na tatu, Bi Somoe akamshika mkono. Alimwambia atazame jamvi vizuri. Kila mpango una hesabu mbili zinazokwenda pamoja, safu ngapi na kila safu watu wangapi, na mmoja akiwa mkubwa mwenziwe lazima awe mdogo. Safu kumi za watu kumi ni mia, umeshazipita tisini na saba. Basi ukitaka safu za watu kumi na mmoja na kuendelea, safu zenyewe zitakuwa chache, chini ya kumi. Na hao wa chini ya kumi umeshawauliza wote, mmoja mmoja, wamekataa. Mkubwa atasimama na nani ikiwa wadogo wote wamekataa kusimama naye?

Mbaruku aliziweka chini komwe alizoshika. Alizitazama zile komwe, na kitu kikampanda kutoka miguuni hadi kisogoni. Ilikuwa khofu, lakini si khofu ya mtu mwenye adui. Aliwaza: chungu kinavunjika, jiwe linavunjika kwa nyundo, mji wetu ulivunjika kwa upawa. Hii haivunjiki. Ataiweka hivi, ataiweka vile, atamwita mwenye nguvu wa nchi aje na askari wake, na tisini na saba haitagawika kwa haki ila itabakiza mtu. Na hakuna aliyeiamuru iwe hivyo. Mkomwe wa kwanza haujaota, mtu wa kwanza hajajifunza kuhesabu vidole vyake, ilikuwa hivi, na dunia ikiisha itakuwa hivi. Imekaa jirani kabisa na tisini na sita ile inayokubali kila kitu, mlango kwa mlango, na wewe ukipita huwezi kuona tofauti mpaka uiguse. "Subhana!" alisema Mbaruku kwa sauti ndogo, na Bi Somoe naye, aliyegawa maandazi kwa miaka arobaini, akaacha kutafuna tambuu.

Shuleni namba hizi wanaziita tasa. Mimi nimefundisha hesabu kwa miaka thelathini, na jina hilo sijalipenda hata siku moja, lakini nani ameniuliza? Nilikuwa nikizichora ubaoni, mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, na kuwaambia watoto kwamba haziishi, kwamba ukienda mbele maisha yako yote na ya wajukuu zako bado utazikuta zimekaa kimya katikati ya wenzao, na kila niliposema hivyo chaki ilinitetemeka. Na itetemeke, sioni haya.

Najua kuna mmoja hapa anataka kuniambia, si angealika mtu mwingine mmoja? Nimeona mdomo wako. Majina yaliandikwa, asiongezwe mtu! Angeongeza, Kombo angenyanyuka. Sikiliza masimulizi, wacha kunisaidia.

Adhuhuri akaja Makame, shemeji yake Mbaruku, mtu wa busara za haraka. Akasikia shida, akapiga makofi. Jambo dogo hili, shemeji! Azimeni sahani tisini na saba, kila mtu na sahani yake, kila sahani upawa mmoja wa wali na kipande kimoja cha nyama. Nani atazidi, nani atapungua? Mbaruku akaona kweli hesabu inakaa. Lakini akawaza watu wa Juu na watu wa Chini wamekaa uani, kila mmoja ameinamia sahani yake, anamaliza, anafuta mdomo, anakwenda zake. Watu wangeweza kula hivyo kwa miaka mia na bado hawajala pamoja. Akamshukuru Makame, akamwambia hapana.

Ndipo likamjia wazo jingine, na nitawaambia ukweli, lilimjia zamani, tangu asubuhi, alikuwa akilifukuza. Mmoja tu. Akitoka mmoja tu, zinarudi tisini na sita, na kila kitu kinakaa. Watu wakapita akilini mwake kama safu za komwe, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kubaki, mpaka akamfikia mzee Pandu. Mzee Pandu alikuwa wa mtaa wa Juu, ana umri wa miaka themanini na zaidi, hasikii, haoni vizuri, ameishi peke yake tangu mkewe afe. Nani angeuliza? Ingesemwa mzee hajiwezi, ameshindwa kuja, na mgonjwa si mtu aliyepunguzwa. Hata Kombo angekubali. Mbaruku akachukua bakora yake, akaenda.

Mlango wa mzee Pandu ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kitandani na mbele yake, kwenye msumari, ilining'inia kanzu iliyofuliwa ikapigwa pasi, na kofia juu yake. Alipomtambua mgeni alishika mkono wa Mbaruku kwa mikono yake miwili, akaanza kupaza sauti kama wafanyavyo viziwi. "Mwanangu, nimeifua tangu juzi! Mke wangu alikuwa mtu wa Chini, unakumbuka? Ndugu zake hawakuja kumzika. Kesho nitakaa nao sinia moja. Nilikuwa namwomba Mungu asinichukue kabla."

Mbaruku alifungua mdomo. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, yalikuwa maneno mazuri, laini. Hayakutoka. Akalia pale mlangoni, mtu mzima na bakora yake, na mzee Pandu, asiyejua lolote, akampigapiga mgongoni akamwambia usilie, mambo yamekwisha, kesho ni furaha. Na mimi nawaambieni, jicho la Kombo alilipofua kwa hasira, lakini hapa alikaribia kuua mtu kwa upole.

Alirudi kwake alasiri akakaa karibu na jamvi. Alimwambia Bi Somoe kwamba ameshindwa, kwamba atamtumia Kombo salamu karamu isiwepo, na yeye atakufa na kosa lake kama wanavyokufa wengine. Bi Somoe alisogea jamvini. Alikuwa akizisukuma zile komwe kwa kiganja, taratibu, zikiacha safu na kufuatana moja nyuma ya moja, mpaka zote tisini na saba zikawa duara moja kubwa juu ya jamvi.

"Idadi yako ina njia mbili tu," akasema. "Moja ni ile ya Makame, kila mtu peke yake. Ya pili ndiyo hii, wote kwa pamoja. Ya katikati haipo, Baba Mbaruku, wala usiitafute. Kakate migomba."

Siku ya pili watu wa Chini waliingia uani kwa Mbaruku kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, na hawakuona sinia hata moja. Waliona majani ya migomba, jani limelalia jani, duara moja pana lililozunguka ua wote, na juu yake wali umemwagwa mfululizo bila kukatika, unafuka moshi, na nyama imetandazwa juu yake toka mwanzo hadi mwanzo. Hapakuwa na kichwa pale wala mkia. Wakasimama wote, wa Juu na wa Chini, hakuna aliyejua nafasi yake iko wapi. Mzee Pandu peke yake ndiye aliyekwenda akakaa, mahali popote tu, na kanzu yake nyeupe. Shemeji zake wawili wa Chini wakatazamana, kisha wakaenda wakakaa kushoto kwake na kulia kwake.

Kombo hakukaa. Alianza kulizunguka duara kwa miguu, polepole, amegeuza shingo ili jicho lake zima litazame chini. Alikuwa anatafuta. Alitafuta mahali ambapo watu wamebanana, mahali ambapo wali umekuwa mwembamba, mahali ambapo Juu imejitenga na Chini, na Mbaruku, amesimama na birika lake, alisikia kila hatua ya mguu wake kifuani. Alizunguka mpaka akarudi pale pale alipoanzia. Akazunguka mara ya pili. Bi Somoe aliniambia, alipokuwa akinisimulia, kwamba hata kuku walinyamaza, lakini Bi Somoe ndivyo alivyo, anatia chumvi kwenye maneno kuliko kwenye chungu.

Kombo alisimama mbele ya Mbaruku. "Nimetafuta pa kunyanyukia," akasema, "sikupaona."

Akanyoosha mikono, Mbaruku akamnawisha. Kisha Kombo akamnyang'anya birika, akamwambia naye anyooshe mikono yake, akamnawisha, vidole kwa vidole, mkono wa kulia, ule uliorusha upawa. Wakakaa bega kwa bega. Watu tisini na saba wakatia mkono kwa bismillahi moja, na hakuna aliyejua tena lipi lilikuwa fungu lake.

Hayo ndiyo niliyokuja nayo. Nyinyi mmeniletea karatasi ya kugawana mali yenu, mmechora mistari, fungu hili la fulani na fungu lile la fulani, na mnaniambia yote yangekwisha kwa amani kama si mtu mmoja tu anayewaharibia hesabu. Mimi sitaisoma karatasi hiyo mpaka mnijibu: mtu huyo mmoja ni nani, na mbona hamkumwita hapa leo?